Ndoo ya Vioo Vilivyopikwa

Chama chetu kilikuwa na ndoo. Ndoo ya bati, ya kukamulia maziwa, imebonyea upande mmoja. Ilikuwa na nyundo yake, yenye mpini uliozungushiwa utepe mweusi. Kila Septemba tulipokutana Havre, mji mdogo wa Montana, kwenye ukumbi wa maonyesho ya kilimo, ndoo ilikaa chini ya meza ya Mzee Clarence Dufek, na nyundo ililala juu ya meza, karibu na mkono wake wa kulia.

Sisi tulikuwa wakusanya vikombe vya nguzo. Si vikombe vya kunywea. Ni vile vioo vizito vyenye umbo la kengele ndogo, vilivyokuwa vinakaa juu ya nguzo za simu na za reli kushika waya usiguse mti. Waya ziliposhushwa na laini za simu zikazikwa ardhini, vioo vile vilitupwa mashimoni kwa magunia, na watu wa aina yetu tukaingia mashimoni kuvifuata. Kile cha kijani hafifu kila mtu anacho. Wengine wanazuilia nacho mlango usipigwe na upepo. Kinachomfanya mtu aendeshe gari usiku kucha kuvuka jimbo zima ni rangi. Na katika rangi, zambarau iliyoiva ndiyo inayomwondoa mtu akili.

Kuna vioo vya zamani vilivyotengenezwa Denver, kiwanda kilishazima tanuri kabla hata baba yangu hajaoa, ambavyo vilikaa juu ya nguzo mvua na jua mpaka jua lenyewe likavipaka zambarau pole pole. Hivyo ni vya kweli. Halafu wapo wajanja wanaochukua kioo cha ovyo kisicho na rangi, wakakipitisha kwenye mashine ya mionzi, na baada ya siku moja nacho kinajiita cha zambarau. Hicho sisi tunasema kimepikwa. Namna ya kukijua ni kukiinua kwenye mwanga wa jua. Kilichopikwa kina kitu kama moshi ndani yake, kahawia fulani iliyojibanza nyuma ya zambarau. Wengi wetu tulikuwa tunakisia tu. Dufek alikuwa anaona. Ndivyo tulivyosema, kwamba Dufek anaona.

Akishasema kimepikwa, mwenye kioo alikuwa na njia mbili. Angeweza kukirudisha mfukoni na kwenda zake, na mwaka unaofuata watu wangemsalimia kwa ncha za vidole. Au angeweza kuchukua nyundo na kukivunjia ndooni mwenyewe, ili kisije kikamdanganya mtu mwingine, na hapo watu walimpiga bega na kumnunulia kipande cha pai ya tufaha. Hakuna aliyelazimishwa. Lakini nimeona watu wazima wengi wakiishika ile nyundo, na sikuwahi kuona mtu akiulizwa kama ana hakika.

Mimi siku hizo nilikuwa naishi kwenye trela nyuma ya nyumba ya Dufek. Nilifika Montana nikifuata mavuno ya ngano kama nilivyofuata mambo mengine mahali pengine, na sijui kwa nini, nikakaa. Magoti yake yalikuwa mabovu. Nilimbebea maboksi yake, naye hakunitoza pango.

Signe Torvik alikuja Jumamosi mchana, wakati watu wanakula. Mwanamke wa miaka kama hamsini, analima ngano kaskazini mwa Chester, amevaa koti la kiume linalomzidi mabega. Baadaye nilijua ni koti la baba yake, Halvor, waliyemzika majira ya kuchipua mwaka ule. Kikombe alikuwa nacho ndani ya soksi ya sufu. Hakutaka kukiuza. Alimweleza Dufek kwamba anataka kiwekwe kwenye meza ya maonyesho siku ile moja tu, na kadi yenye jina la baba yake, basi.

Dufek akakichukua, akatoka nacho mpaka mlangoni kwenye jua. Akakizungusha. Akapitisha ukucha kwenye herufi za ukingoni. Alikaa nacho kitambo kirefu kuliko kawaida yake. Kisha akarudi, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nani alikupa hiki, mama?"

"Baba. Alikishusha mwenyewe kwenye nguzo nyuma ya ghala letu, siku walipokuja kung'oa waya."

"Alikuambia hivyo."

"Ndiyo, ndivyo alivyoniambia."

"Basi ndivyo alivyokuambia," akasema Dufek, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kimepikwa. Pole sana."

Lazima umjue Halvor Torvik kidogo ili uelewe kilichofuata. Kila aliyewahi kunywa bia Chester alikuwa na hadithi ya Halvor, na zote alizitunga Halvor mwenyewe. Alishikana mikono na rais kupitia dirisha la treni. Alimfukuza dubu kwa spana. Alimpiga mieleka bingwa wa Minnesota, yule bingwa akalia. Mkewe aliacha kumsikiliza mapema, mwanawe wa kiume alihamia Shelby kwa sababu hiyo hiyo au nyingine, na aliyebaki mezani kumsikiliza alikuwa Signe. Alikua akijua kwamba baba yake ni muongo wa kuchekesha. Lakini kile kikombe kilikaa dirishani pa jikoni tangu akiwa msichana, na kila asubuhi jua lilikipiga. Hadithi yake haikuwa na dubu wala rais. Mtu alipanda nguzo akashusha kioo, imekwisha.

Akasimama pale akikitazama. Wanda Pruitt, mwenyekiti wetu, alikuwa amesimama karibu, sahani yake ya viazi mkononi. Wengine walikuwa wameacha kutafuna.

"Katika yote aliyoniambia," Signe akasema, "hiki ndicho nilichokiamini."

Kisha akachukua nyundo. Pigo la kwanza liliteleza. La pili kikapasuka, sauti kama ya barafu ya mtoni inapokatika. Watu wakampiga bega. Dufek akamwambia amefanya jambo la heshima. Wanda akaenda kumletea pai, lakini aliporudi nayo Signe alikuwa ameshatoka na soksi yake tupu mkononi. Kibanzi kimoja kiliruka chini ya meza. Nilikiokota wakati wa kufagia nikakitupa ndooni na vingine.

Februari, Dufek akagonga kwa gari sanduku la barua la jirani yake. Lilikuwa pale pale lilipokuwa miaka yote. Akakaa kwenye gari lake bila kushuka mpaka nilipomfuata, na hapo ndipo akaniambia nimpeleke Great Falls kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wangelipasua la kushoto kwanza, la kulia baada ya mwezi.

Kesho yake baada ya upasuaji walimtoa bandeji nikamrudisha nyumbani. Njiani alikuwa kama mlevi wa kupendeza. Alinitajia rangi za vibao vya barabarani. Alisema theluji ina bluu ndani yake, akauliza kama siku zote ilikuwa nayo. Nyumbani akasimama mbele ya jokofu lake alilodhani ni la rangi ya maziwa ya mgando, kumbe jeupe. Kisha akalitazama koti lake lililoning'inia mlangoni, alilolinunua miaka miwili nyuma na kulivaa kila mahali.

"Hili koti ni la rangi gani?"

"Zambarau," nikamwambia.

"Nilinunua la kahawia."

"Ulinunua la zambarau, mzee."

"Miaka miwili umeniacha nizunguke mjini nimevaa kama askofu?"

"Nilidhani unalipenda. Hata kasisi alidhani unalipenda."

Akacheka mpaka akashika kiti. Mimi pia nilicheka. Kisha akafunika jicho jipya kwa kiganja, akalitazama koti kwa lile la zamani. Akabadilisha mkono. Akabadilisha tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha, na mimi bado nilikuwa natabasamu kama mjinga, sijaelewa.

"Niletee ndoo," akasema.

Ndoo ilikuwa bandani. Ilikuwa nzito, chini vipande vya miaka mingi vimeshikamana na vumbi. Alitandika shuka jeupe juu ya meza ya jikoni, mbele ya dirisha linalotazama kusini, akamimina. Jua la Februari likirudishwa na theluji ni kali sana. Akaanza kuvichambua, kipande kimoja kimoja, akivipangusa kwa kitambaa chenye maji. Vya moshi upande huu. Akashika kingine, moshi. Kingine, moshi. Hata mimi niliuona, ule ukahawia mchafu, kama maji ya mfereji. Nikaanza kupumua. Kisha akainua kipande kikubwa, nusu ya juu ya kikombe na ukingo wenye herufi za Denver, na zambarau ikamwagika kwenye shuka mpaka kwenye mkono wake.

"Niambie rangi gani."

"Zambarau."

"Kuna moshi?"

Nilikitazama kwa muda mrefu. Nilitaka sana kuuona. "Sioni moshi."

"Hakuna moshi," akasema. Akafunika jicho jipya. "Sasa upo." Akafunua. "Sasa haupo."

Alivikusanya vyote vya kikombe kile, na hata kile kibanzi changu cha chini ya meza. Vingine vyote ndooni vilistahili nyundo. Kimoja tu hakikustahili, na kilikuwa cha Signe.

Nilimwambia maneno ambayo mtu husema. Kwamba ni ugonjwa, hakuna anayechagua ugonjwa. Kwamba jicho lake lilimdanganya kama lingemdanganya yeyote. Alinisikiliza huku akivipanga vipande, na nilipomaliza akasema bila kuniangalia:

"Daktari aliniambia kiangazi kile, kabla ya maonyesho. Wewe ulikuwa kwenye mavuno. Aliniambia macho yangu yana pazia la rangi ya chai, na kwamba zambarau na kahawia zitanichanganya. Alitaja hizo hizo. Nikamwambia nitarudi baada ya Septemba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba Dufek haoni?"

Jioni hiyo akampigia simu Wanda Pruitt. Nilisikia upande wake tu, lakini Wanda ana sauti, na nilipata karibu yote. Wanda alimsihi aache. Kioo kimeshavunjika, mwenyewe ameshakwenda, na hakuwa hata mwanachama. Ukifungua jambo hili, akasema, kila aliyewahi kushika ile nyundo ataanza kulilia kioo chake, na chama kitakufa. Dufek akamuuliza siku ile yeye aliona nini.

"Niliona zambarau," Wanda akasema. "Sote tuliona zambarau, Clarence. Tulidhani wewe unaona kilichokuwa nyuma yake."

"Na hakuna aliyefungua mdomo."

"Nani angekuambia wewe?"

Alikata simu akakaa. Usiku ule alikula mkate mkavu, na kesho yake pia. Alikuwa akienda dirishani, anakishika kile kipande kikubwa, anafunika jicho, anafunua, kama mtu anayebonyeza jino linalouma ili ahakikishe bado linauma. Daktari alipopiga simu kupanga siku ya jicho la pili, alimwambia angoje. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema hataki kwenda kwa Signe akiwa anaona vizuri kwa macho yote mawili. Sikumwelewa, na sina hakika kama yeye alijielewa.

Tuliondoka siku baridi ilipopungua kidogo. Vipande alivifunga kimoja kimoja kwa kitambaa laini, akavipanga kwenye kopo la biskuti. Mfukoni alikuwa na kioo bapa cha rangi ya asali, kipande cha chupa ya dawa ya zamani alichokisugua kingo zisikate. Niliona pia akiisukuma nyundo chini ya kiti cha gari. Sikuuliza. Njia nzima kuelekea magharibi alikuwa akijisemea maneno. Mama, nimekuja kukuambia. Mama, kuna jambo la macho yangu. Kila alipofika kwenye macho maneno yalitiririka vizuri, na kila alipopita hapo alikwama, akaanza upya.

"Lile la daktari utalisema?" nikamuuliza.

"Angalia barabara," akasema.

Signe alitufungulia kwa sababu ilikuwa baridi, na kule hakuna anayeongea na mtu mlangoni wakati wa baridi hata kama amekuja kumdai. Alimtambua Dufek mara moja. Akatuonyesha viti, akaweka birika la kahawa jikoni, maana hilo nalo hufanywa hata kwa adui. Ukutani kulikuwa na msumari mtupu na mstatili wa ukuta safi chini yake, mahali palipokuwa na picha. Kwenye ubao wa dirisha la mashariki kulikuwa na duara dogo ambalo rangi yake haikuchakaa kama sehemu nyingine. Nilijua lilikuwa la nini. Dufek naye alijua. Aliliangalia, akahamisha macho haraka.

Akafungua kopo, akavitoa vipande juu ya meza yake. Akamwambia kwamba kioo kilikuwa cha kweli. Akamwambia kwamba baba yake alisema kweli. Signe alisimama na kijiko cha kahawa mkononi.

"Sema tena."

"Baba yako alisema kweli. Hakikupikwa. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama yule akavuta kiti akaketi. Hakulia. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani, kwamba Krismasi watoto wa kaka yake walimwomba hadithi za babu, ile ya dubu, na akawaambia babu yao alikuwa muongo na wasizirudie tena hadithi zake mbele yake. Mdogo wao alikimbilia chooni akajifungia. Picha ya baba yake aliitoa ukutani usiku huo huo.

Dufek akamweleza juu ya macho. Alieleza vizuri, nilishasikia mara nyingi garini. Pazia lililoshuka polepole asijue, jokofu jeupe alilodhani la rangi ya maziwa, koti la askofu. Akatoa kile kioo cha asali akampa, akamwambia akitazame kipande kupitia hapo. Signe akakiinua dirishani. Zambarau ikafa. Nilikuwa nimekaa pembeni na hata mimi niliona, kahawia tupu, moshi mtupu. Akashusha kioo, akainua tena.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukiona?"

"Hivi hivi."

"Dunia nzima?"

"Dunia nzima."

Alikitazama kwa muda. Uso wake ulikuwa umeanza kulegea, ule ugumu wa kuanzia mlangoni ulikuwa unaondoka. Akainuka, akamimina kahawa kwenye magi tatu, akaisogeza moja mbele ya Dufek pamoja na sahani ya mkate mwembamba wa viazi uliopakwa siagi na sukari.

"Basi hukujua," akasema. "Mtu anaona anachoona. Hukujua."

Niliangalia ndani ya magi yangu. Pale mambo yangeweza kuishia. Mama alikuwa ameshampata baba yake, kahawa ilikuwa moto, na njia ya kurudi Havre ilikuwa wazi. Nitasema ukweli, nilimwombea Dufek anyamaze. Akaichukua magi, akaishika kwa mikono miwili, akainua mpaka karibu na mdomo. Akairudisha mezani bila kunywa.

"Nilijua," akasema.

Signe hakuelewa.

"Nilijua macho yangu ni mabovu. Daktari aliniambia kabla hujaja. Alinitajia zambarau kwa jina. Nilikwenda pale mlangoni na kioo chako nikajiambia, labda ni macho. Nilikaa nacho muda mrefu, uliniona nikikaa nacho. Kisha nikarudi nikakuambia kimepikwa, kwa sababu watu walikuwa wanangoja niseme kitu."

Signe alikuwa bado amesimama na birika.

"Watu wangapi walikuwa mle ukumbini?"

"Wengi."

"Wote wana macho."

"Wana macho."

"Ungemwita mmoja tu. Ungesema, bwana, hebu njoo unitazamie hiki."

"Ndiyo."

"Na badala yake ukanipa nyundo."

"Ndiyo, mama."

Akaweka birika chini. Hakuiondoa kahawa ya Dufek, lakini hakuketi tena. Alikusanya vipande vikubwa, akaenda navyo dirishani, akajaribu kimoja baada ya kingine mpaka akapata kile cha juu chenye umbo la kengele, akakisimamisha ndani ya lile duara. Kilikuwa kimepasuka upande mmoja lakini kilisimama. Jua la kusini halifiki dirisha lile vizuri mchana; rangi iliyotoka ilikuwa hafifu, imelala ukingoni mwa sinki.

"Nyundo iko wapi?"

"Ndani ya gari," akasema Dufek.

"Ilete."

Niliinuka, maana nje kulikuwa na barafu na nayajua magoti yake. Signe akaninyooshea kidole nikae. "Mwache aende mwenyewe."

Tulimwangalia dirishani akivuka uwanja, akishika ukuta wa ghala, kisha hewa, kisha mlango wa gari. Alichukua muda. Nyuma ya ghala, pale pale Halvor alipokuwa akisema siku zote, kisiki cha nguzo kilikuwa kimetokeza kwenye theluji. Signe alikuwa anamtazama mzee na mimi nilikuwa natazama kisiki. Aliporudi alikuwa anahema na goti moja la suruali lilikuwa na theluji. Akamkabidhi nyundo, mpini ukiwa mbele.

Signe akaipima uzito mkononi. Sitadanganya, nilivuta kiti nyuma kidogo. Akafungua droo ya chini, ile ya miiko na kifimbo cha kusukumia mkate, akaiweka mle akaifunga kwa goti.

"Hii haitoki hapa tena," akasema. "Waambie watu wako."

"Nitawaambia."

"Wote. Na utawaambia hilo la mwisho, si la macho tu."

"Nitawaambia."

"Vizuri. Lakini utaanza Shelby."

Dufek akamtazama.

"Watoto wa kaka yangu wanatoka shule mchana huu. Mimi siwezi kuwaambia. Nimeshawaambia kitu kimoja kwa kinywa hiki, nikiwaambia kingine hawataniamini, na watakuwa na haki. Utawaambia wewe. Utakaa mbele yao, utawaambia babu yao alipanda nguzo ile akashusha kioo kile."

"Na dubu?" nikauliza. Sijui kwa nini. Ulimi wangu ni mbaya.

Signe akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile kitu kama kicheko kilimpita usoni, kikapotea. "Dubu alikuwa uongo," akasema. "Hilo wanajua."

Akavaa lile koti linalomzidi mabega. Kioo cha asali akakiacha mezani, lakini kipande kimoja cha zambarau akakifunga kwenye leso. Akatoka mbele yetu, akaingia garini katikati, Dufek upande wa dirisha, mimi kwenye usukani. Kahawa ya Dufek ilibaki mezani imejaa. Tulishika barabara ya magharibi. Waya za zamani hazipo tena kando ya reli ile, nguzo chache tu zimebaki zimeinama huku na huku, hazina kitu juu.

Baada ya muda Dufek akaanza tena kujisemea chini chini, kama asubuhi. Watoto, jina langu ni Clarence Dufek. Kuna jambo la macho yangu. Mtu akizeeka, macho yake huingia pazia la rangi ya chai—

"Hapana," akasema Signe, anatazama barabara. "Anza na 'nilijua'."

Dufek akafunika jicho lake jipya kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka tulipoanza kuona maghala ya nafaka ya Shelby.